Sato wa Mbudya

Jumatatu, 6 Oktoba
Kunduchi kuna nafasi moja tu: mfuatiliaji wa samaki wa hifadhi ya bahari. Buti, filimbi, mshahara! Tunaigombea wawili, mimi na Hilal wa dukani, aliyezaliwa na shombo mwilini. Mke wangu Atuganile kasema nikiikosa, Jumamosi tunarudi Tukuyu kwa baba yake tukalime viazi. Hatanii. Mabegi ameshayatoa uvunguni.

Bi Wahiba, mtaalamu wao, katueleza kazi. Huwafunga samaki kipande cha plastiki ya njano pezini, huwaachia, halafu wavuvi watakaowanasa huja kusema wamewapata wapi. Ndivyo anavyojua wanakohamia. Alisema mwenye jicho la kumwona hata mmoja wa hao, huyo ndiye mtu wake.

Jicho! Mimi nina mkasi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimekata dumu la mafuta ya kula. Njano ileile! Samaki nimempata sokoni Mabibo, mnene, wa barafu. Muuzaji akasema ni sato. Sato, changu, samaki ni samaki. Nimemshonea plastiki pezini, nikamlaza kwenye beseni, nikaenda kumringia Hilal.

Kurudi, Atuganile kamchana mistari, kampaka ndimu, chumvi na kitunguu saumu! Analalamika kwamba wauza samaki siku hizi hawaondoi uchafu. Plastiki nimeiokota jalalani. Nimeshona upya.

Jumatano, 8 Oktoba
Aibu! Nimemwamkia Bi Wahiba shikamoo, nikasema samaki huyu nimemvua mwenyewe alfajiri, palepale kisiwani Mbudya. Akamnusa. Akauliza kama samaki wa kule siku hizi wanajipaka ndimu wenyewe. Hilal akakaa chini kwa kicheko, akasema sato ni wa ziwani, huyu kaja Dar kwa basi kama mimi na Atuganile. Kisha Bi Wahiba akanikumbusha, kwa upole mbaya sana, kwamba Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, kuvua ni marufuku. Akataka nichague: mwizi au mwongo?

Nikaomba muda wa kufikiri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Hilal kapewa filimbi. Anaipuliza mtaa mzima, mshenzi yule. Tiketi zimekatwa, Atuganile anakunja mashuka huku anaimba. Inaniuma. Mimi Dar naipenda.

Lakini kosa nimeligundua: samaki hakuwa wa bahari! Basi nimenunua ng'onda. Muuzaji kaapa ni wa baharini. Kakauka kidogo, kweli, na kapasuliwa katikati, ila nimemloweka ndooni. Asubuhi atakuwa mbichi kabisa. Nitamfikisha kwa Bi Wahiba kabla ya basi.

Na Mbudya sisemi tena, mimi si mjinga. Nitasema Bongoyo.