Amin Mbele ya Kioo

Leo nimejiumbua mwenyewe, tena mbele ya kioo, watu wakitazama. Naandika haraka kabla Mshamu hajawaandikia yeye, maana huyo akisimulia atatia na ya kwake.

Wageni wa kundi hili mnijue kwanza. Mimi ni Bi Tatu wa hapa Kibiti, mhudumu wa chumba cha kuchanganyia dawa hospitalini. Sisemi dirishani mnakochukulia vidonge. Nasema kile chumba cha ndani chenye kioo, ambako mfamasia anatengeneza dawa za kudondosha machoni na za kupita kwenye mshipa, zile ambazo hazitakiwi kuguswa na kijidudu hata kimoja. Mimi nafuta kuta, nafuta meza, nampitishia mfamasia vichupa. Shule yangu iliishia darasa la tano, lakini kile chumba nakijua kuliko waliosoma. (Ndivyo nilivyodhani mpaka leo saa nne.)

Na jicho la kushoto sina. Hilo nalo mlijue, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nina maneno. Nilikuwa navuna mpunga kule Salale, deltani, suke likanichoma. Kidonda kidogo tu. Shemeji yangu Kassimu akasema tungoje maji yajae ndipo boti yake itoke. Maji yakajaa, yakatoka, yakajaa tena, Kassimu anangoja kamba wake wa kuuza wafike wa kutosha ili asisafiri na mgonjwa mtupu. Tulipofika hospitali, aliyekuwa zamu, Bakari, akaniambia dawa ya kidonda kama hicho inatengenezwa Dar, nioshe kwa maji ya chumvi. Nikaosha. Jicho likaenda zake.

Bakari, najua umo humu unasoma kimya kimya. Soma.

Sasa turudi leo. Chumba chetu kilikuwa kimefungwa wiki ya tatu. Utaratibu ni kwamba kila anayeingia, akimaliza kazi, anabonyeza vidole vyenye glavu kwenye kisahani chenye ute mgumu kama jeli. Visahani vinawekwa kwenye joto siku kadhaa. Ukiwa msafi, chako kinabaki kitupu. Ukiwa mchafu, kinaota madoadoa kama mkate uliosahauliwa kabatini. Tuko watatu: mimi, Mshamu ambaye ni msaidizi wa mfamasia, na mfamasia mwenyewe, Gervas, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu. Mara ya kwanza kisahani kimoja kiliota. Tukafundishwa upya, tukabonyeza tena. Kikaota tena. Chumba kikafungwa mpaka sababu ijulikane.

Kisahani cha nani? Gervas hasemi. Vina namba, havina majina, na daftari la namba analo yeye. Ukimuuliza anakwambia, "Mama, mimi sitafuti mtu, natafuta kosa." (Huyo mtu hajaishi na Kassimu.)

Mimi mtu nilishampata. Mshamu. Nani mwingine? Kijana ana pete ya uchumba, anaivua mlangoni kabisa kama anayeng'oa jino. Simu haimtoki mkononi. Nikawaambia wauguzi. Nikawaambia wa jikoni. Ijumaa nikiwa kijijini Mkongo kwenye harusi nikakutana na watu anaokwenda kuoa kwao, nikawaambia na wao: mkwe wenu mzuri, ila mikono yake mchunguze.

Basi leo akaja mkaguzi kutoka Dar. Mama mmoja mrefu, sauti ndogo. Jina lake naliacha kwa sababu yeye hana kosa. Alikuja kusimama nje ya kioo atutazame tunavyovaa na tunavyofanya kazi, maana Gervas akiwa kwenye kabati lake la hewa safi, anamochanganyia, anatupa mgongo, hatuoni. Akiona kosa, chumba kitafunguliwa. Asipoliona, kibaki kimefungwa, na wagonjwa wa macho waendelee kupelekwa Dar.

Na asubuhi hiyohiyo akaletwa dada mmoja, Mwajuma. Wa Salale. Mtoto mgongoni, tope la mikokoni halijakauka miguuni. Amefunika jicho la kushoto kwa kipande cha kanga. Nikamuuliza, "Nini, mwanangu?"

"Mpunga, mama."

Nilikaa chini. Nawaambia kweli, nilikaa chini palepale sakafuni na ndoo yangu.

Daktari wa macho akamwandikia dawa ya kudondosha kila saa, ile ya kuchanganywa, ianze leo hapa, la sivyo aifuate Dar. Dar hana mtu. Akakaa kwenye benchi la ukumbini, mbele ya kile kioo, akingoja. Mimi nikajisemea, leo Mshamu atakamatwa, kesi itaisha, na huyu atapata dawa yake.

Ili mkaguzi asipate shida nilishamwandikia barua usiku wa jana. Ukurasa mzima, majina yote. Nikamkabidhi mlangoni. Akaisoma akiwa amesimama:

"Mshamu anakuna pua. Mshamu ana pete. Mshamu hana hata dua ya maana, akiitikia amin mikono haifiki usoni. Mfamasia Gervas anaimba nyimbo za kwaya huku anachanganya. Saidi fundi wa kiyoyozi aliingia na viatu vya nje, nilimuona."

Aliponyanyua macho akanitazama kidogo. "Hii ya amin maana yake nini, Bi Tatu?"

"Maana yake mvivu, mheshimiwa. Vijana wa siku hizi dua wanaimaliza hewani."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikamwangalia Mshamu kwa jicho langu moja: umekwisha.

Tukaingia kunawa. Kunawa mimi hakuna anayeniweza. Napiga vidole, kucha, viganja, mpaka viwiko, natulia kama ninayetia udhu. Mshamu pembeni anasema, "Shangazi, maji ya Rufiji yote utayamaliza."

"Nawa wewe. Wenye mikono michafu wanajulikana."

"Wanajulikana wapi? Mkongo?"

Kumbe habari zilishamfikia. Nikajifunga kofia. Barakoa. Gauni. Glavu, zile zinazofunguliwa kwenye karatasi bila kugusa upande wa nje. Nikavaa vizuri mpaka mkaguzi akaitikia kwa kichwa kwamba safi. Jamani, nilivimba.

Halafu tukaomba. Huwa tunaomba tukishavaa, kabla hatujagusa kitu. Utaratibu huo nimeuanzisha mimi. Gervas anainamisha kichwa kwa dini ya kwao, sisi wawili tunainua mikono. Nikaomba dawa itoke salama. Nikaomba jicho la Mwajuma lipone. Nikaomba Kassimu na Bakari wapate wanachostahili. Amin. Kazi ikaanza.

Gervas akakaa kwenye kabati, Mshamu akasoma namba za vichupa, mimi nikapitisha. Yalikuwa maji matupu ya majaribio, lakini nilipitisha kama roho ya mtu. Hata dakika kumi hazijafika, kioo kikagongwa. Pale pana kitundu cha kusemea, sauti ya mkaguzi ikapita.

"Simameni hivyohivyo. Bi Tatu, umegusa uso?"

Nikageuka kumtazama Mshamu, nikidhani jina limekosewa. "Mimi?"

"Wewe."

"Sijagusa."

"Una hakika?"

Hapo nikapandwa. Miaka yote nimefuta zile kuta, nimelala nikiota spiriti, halafu niulizwe mimi, Mshamu yupo. Nikasogea mpaka karibu na kioo ili wa nje nao wasikie. Walikuwepo wauguzi wawili, mlinzi, na Mwajuma kwenye benchi na mtoto wake.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi uso sijaugusa. Haki ya Mungu. Na kama naongopa, Mola aniumbue leo hiihii, mbele ya watu hawa wote."

"Amin," akasema Mshamu nyuma yangu.

"Amin," wakaitikia wa nje.

"Amin," nikasema mimi.

Na nikapangusa uso.

Kwa mikono miwili. Kuanzia kipajini, nikashuka taratibu, nikapita machoni, nikapita juu ya barakoa, mpaka kidevuni. Kama nilivyofundishwa na bibi yangu nikiwa na miaka minne. Vizuri kabisa.

Mimi mwenyewe bado sijajua. Nilikuwa nangoja niombwe radhi. Nikaona mlinzi amegeukia ukutani, mabega yanacheza. Wauguzi wameshikana.

Gervas akasema kwa upole, "Mama, tazama glavu yako ya kulia."

Nikatazama. Mstari mweusi, kuanzia kidole cha shahada mpaka kwenye kiganja.

Wanja.

(Ndiyo, tulikatazwa wanja. Lakini mimi napaka jicho moja tu. Niliona ni nusu ya kosa.)

"Hiyo ni ya pili," mkaguzi akasema. "Ya kwanza ilikuwa mlipomaliza dua. Nikafikiri nimeona vibaya, ndiyo maana nimeuliza."

"Ile si kugusa uso," nikajitetea. "Ile ni kuitikia amin."

"Sawa. Na amin yako iliishia wapi?"

Akakunjua barua yangu, akaibandika kwenye kioo kwa kiganja ili niisome upande wangu. "Akiitikia amin mikono haifiki usoni. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Basi Bi Tatu, kumbe anayefanya sawasawa ni huyu. Umemwandika mwenyewe."

Mshamu alikuwa amekaa chini. Gauni zima linatetemeka. Nikamgeukia Gervas, nikitafuta walau mmoja wa kulaumu. "Ile namba ya kisahani ilikuwa ya nani?"

"Ya kwako, mama. Zote mbili."

"Na ulikuwa unajua siku zote hizo?"

"Namba nilijua. Kosa silijui. Nimesimama nyuma yako unanawa, hakuna anayenawa kama wewe. Ningekwambia umekosea, ungeniuliza wapi, mimi sina jibu."

"Mnyamwezi wewe, unaniacha natangaza watu mpaka Mkongo?"

"Mtani, mimi sikukutuma Mkongo."

Nikatolewa nje. Mkaguzi akasema kosa limeonekana, na limeonekana na kila mtu, kwa hiyo ukumbi mzima ni shahidi. Ruhusa kamili itangoja visahani vipya, ila kwa mgonjwa huyu mmoja chumba kifutwe tena, wafanye wawili, yeye amesimama hapohapo. Na dua? Akasema dua iendelee, hakuna aliyeikataza, ila iombwe mlangoni kabla ya kunawa. Kitu chenyewe ni hicho tu. Wiki tatu watu wamesafirishwa Dar kwa kitu hicho tu.

Nikakaa kwenye benchi karibu na Mwajuma. Ndani Mshamu anafuta meza yangu. Anafuta vizuri, mtoto wa watu. Inauma kuandika.

Mwajuma akaniuliza, "Mama, mbona wewe wamekutoa?"

"Nimepangusa uso."

"Basi?"

"Basi."

Akanitazama upande wa kushoto, muda kidogo. Mkono wake ukaenda kwenye kile kipande cha kanga. "Na hilo nalo?"

"Hilo ni Kassimu. Halina uhusiano na la leo."

Hakucheka. Akauliza tena, sauti imeshuka, "Lilianza kama langu?"

Sikutaka kumwambia. Nikamwambia. Nikamwambia na tofauti: mimi niliosha kwa maji ya chumvi, wewe tazama pale, yule kijana kwenye kioo anayeshika kichupa, hicho ni chako. Tukatazama wote. Mtoto naye akatazama.

Vichupa viwili vikatoka, vimebandikwa jina lake, tukaambiwa vikae kwenye baridi. Muuguzi akadondosha tone la kwanza. Mwajuma akauma meno, akanishika goti mpaka kucha zikaingia. Alipotulia akasema, "Mungu awalipe wote waliotengeneza."

"Amin," nikasema. Mikono ikapanda yenyewe. Ikasimama njiani. Nikaitazama mbele, nikaitazama nyuma: haina kitu, mikono yangu tu. Nikapangusa uso wote, mpaka kule kushoto.

Nilipokwenda kuchukua ndoo nikakuta Mshamu keshabandika karatasi mlangoni: DUA NI KABLA YA KUNAWA. BI TATU ASOME MARA MBILI. Amesimama pembeni na pete yake.

"Shangazi, Jumamosi nakwenda Mkongo. Pikipiki ina nafasi ya mtu mmoja nyuma."

"Nakwenda kufanya nini?"

"Kuwaeleza wakwe zangu kuhusu mikono."

Nitakwenda. Deni la maneno nalilipa kwa maneno. Na nimemwambia hivi: nitasema yote, ila ile sehemu ya wanja tutaiacha Kibiti. Amekubali. (Simwamini.)

Sasa ninyi. Nimewaeleza mimi mwenyewe kwa hiari yangu, kwa hiyo sitaki kuona kicheko. Atakayecheka hapa chini namtaja kwa jina, mnanijua. Bakari, wewe ndiye wa kwanza, naona umeshaanza kuandika.