Mto Uliokaidi Ramani

Inatangazwa kwa wananchi wote wa bonde letu, upande wa Buger, kwamba mto umepatikana. Ulikuwa kabatini. Kamati ya Uoanishaji wa Mito, ambayo mimi ni katibu wake, imeuona kwenye ramani ya mwaka 1958, ukiwa na rangi ya buluu na afya njema.

Kwa mujibu wa ramani, mto unapita chini ya kitanda cha Antonia, mkulima wa maharage. Mto wenyewe, kwa utovu wa nidhamu, unapita mita mia tatu kutoka hapo. Kamati ikaazimia: pale ramani na ardhi zinapotofautiana, ardhi itarekebishwa. Na kwa kuwa hairuhusiwi kujenga ndani ya mita sitini za mto, Antonia akapewa siku saba abomoe nyumba yake.

Alikuja ofisini na jirani yake mfugaji, mzee Lomayani.

"Mheshimiwa, mto uko kule. Leo asubuhi nimechota maji."

"Hayo ni maji yasiyo rasmi, mama," nikamjibu.

"Katika nyumba hiyo nimelea watoto watano. Hakuna hata mmoja aliyelowa!"

Kusema kweli nilimwonea huruma, ila huruma haimo kwenye ramani.

Akaomba kuiona. Mwenyekiti wetu, Bwana Inosenti, akaikunjua na kumwonyesha kwa fahari mahali ilipo ofisi yetu. Pameandikwa "Dip."

"Umeona, mama? Dip. Yaani Diploma! Wazungu walijua tangu zamani kwamba hapa watakaa wasomi."

Lomayani akainama, akatazama.

"Ero, kijana, hiyo ni dipu. Josho. Baba yangu aliogeshea ng'ombe hapa hapa."

"Haiwezekani!" Mwenyekiti akang'aka.

"Si ramani ndiyo imesema?" Antonia akauliza kwa upole.

Nikafungua kitabu cha maazimio. Azimio la kurekebisha ardhi lilikuwa na mhuri na saini tatu, wala halikuisamehe ofisi yetu.

Jumatatu ng'ombe themanini walipanga foleni mlangoni petu, kwa utulivu ambao wananchi hawajawahi kuufikia. Lomayani akaingia na bomba la dawa mgongoni, akanyunyizia ng'ombe, mafaili na wajumbe bila upendeleo. Mwenyekiti, akiwa nusu ndani nusu nje ya dirisha, alitia saini kufuta azimio. Antonia ndiye aliyemshikia karatasi, akicheka mpaka machozi.

Sisi wengine tukaruka nyuma yake, tukatokomea kwenye mahindi. Lomayani akalitikisa bomba lake, akaridhika.

"Dawa hii ni nzuri sana," akamwambia Antonia. "Kupe wote wametoka."