Godoro la Wenye Homa ya Ini

Aliitwa Kinanda kwa sababu mdomo wake ulipiga wimbo wowote ambao mteja alitaka kuusikia. Aliwahi kumuuzia mwenye nyumba geti lake mwenyewe, na mwenye nyumba akashukuru kwa kupunguziwa bei.

Asubuhi hiyo alikuwa akipita nyuma ya hospitali, akimkwepa mwenye geti, ndipo akaliona tangazo. Wenye homa ya ini aina C waje wapimwe moyo, kwa kuwa virusi vile haviishii kwenye ini, na walio navyo hupata magonjwa ya moyo upesi kuliko wengine. Atakayekutwa navyo kwenye damu ataandikiwa dawa, na mfadhili atampa godoro jipya. Habari ya moyo Kinanda aliiruka kama dimbwi. Habari ya godoro aliirudia mpaka akaikariri.

Akanunua binzari, akajipaka usoni na mikononi, akavaa miwani myeusi, akaingia akijikokota. Aliguna kwa ufundi hata mlinzi akamfungulia mlango.

Kwenye benchi alikaa pembeni ya mama mmoja mnene, mshona mapazia, sindano bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni. Mama alimtazama, akatazama kola yake, akacheka mpaka benchi likatikisika.

"Mwanangu, ugonjwa wako unachuruzika."

"Ni jasho la homa, mama."

"Ni binzari. Mimi niliugua kweli, na sikuwahi kuwa na rangi hiyo hata siku moja. Wengi wetu hapa ukituona utadhani tumekuja kutembea. Watakuumbua kwenye damu."

Kinanda akarudia sauti yake ya kazini. "Sasa mama mwenye huruma kama wewe unanishauri nini?"

Mama aliitazama saa ya mkononi mwa Kinanda, saa inayong'aa ambayo haikuwa imetembea tangu mwaka juzi. Wakaelewana. Pale hospitalini muuguzi akishatoa damu, kila mtu hubeba kichupa chake chenye namba mpaka dirisha la maabara mwishoni mwa ukumbi. Ukumbi ulikuwa na kona. Kwenye kona wakabandua namba, kila mmoja akabandika yake kwenye kichupa cha mwenzake, saa ikahama mkono, na Kinanda akatoka upande wa pili akitabasamu kwa kumbambikia mama wa watu saa mbovu.

Mchana majibu yakaja. Muuguzi alimpa Kinanda mkono. "Hongera kaka, wewe huna kitu. Nenda kaoge." Kisha akamgeukia mama: "Virusi vipo. Pole, lakini dawa ipo, na godoro lako lile pale."

Kinanda alimvuta mama pembeni, akiwa amewaka hasira chini ya binzari. "Umenipa damu gani wewe?"

"Damu nzuri kabisa!" Mama alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Nilimeza vidonge nikamaliza, nikapona zamani. Leo nilikuja kupimwa moyo tu, godoro nilijua silipati, nikaona angalau niondoke na saa..."

Hapo kicheko kikamkatika. Aliangalia godoro, akamwangalia Kinanda, akaweka mkono mdomoni.

"Mwanangu. Iliyopata godoro ni damu yako."

"Mama, hiyo janja nilianza kuitumia kabla sijaota ndevu. Mtie mtu hofu, kisha umuuzie dawa."

"Sikuuzii kitu! Rudi ukapimwe. Na moyo wakuangalie, unaweza kuanguka njiani ukiuza mageti ya watu."

"Siendi."

Mama alimsoma kidogo. Maisha yake yote alikuwa ameshughulika na wateja wabishi. "Basi tuwekeane. Ukikutwa mzima, saa nakurudishia na godoro uchukue. Ukikutwa nao, godoro langu, na la kwako utakalopewa langu pia."

Kinanda alicheka. Kwa ukweli asingenyanyua mguu, lakini kwa magodoro alikwenda mbio. Wakamweleza muuguzi yote, akawagombeza mpaka ukumbi ukanyamaza, kisha akamtoa Kinanda damu nyingine na kukibeba kichupa yeye mwenyewe.

Virusi vilikuwepo: godoro la kwanza mama alikuwa ameshalisainia, na sasa Kinanda naye akapewa lake.

Kinanda alikaa chini sakafuni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na wimbo. Aliogopa, akaogopa kweli, na mama akachuchumaa karibu yake akamshika bega. "Utapona. Mimi si huyu hapa? Amka ukapimwe moyo."

Wakamlaza, wakambandika nyaya kifuani penye michirizi ya binzari. Muuguzi alitazama mashine akakunja uso.

"Mbona moyo unakwenda mbio hivi? Umekimbia?"

Kinanda aligeuza kichwa dirishani. Nje, mama mshona mapazia alikuwa akivuka barabara na magodoro mawili kichwani, akiitikisa saa sikioni na kutukana.

"Hapana, dada," akasema, na tabasamu likaanza kumrudi. "Nimeibiwa."