Idwal Prosser Si Mwingereza

Jumatatu, 3 Februari
Baridi ya kukata masikio. Fomu ya kuomba ukaazi kwa njia ya ndoa imefika hapa Moose Jaw. Ukurasa wa pili: nchi ya kuzaliwa. Nimeitafuta Wales kwenye orodha. Haipo! Kuna Ufalme wa Muungano tu, uliotumeza sisi, Waskoti na Waingereza pamoja. Miaka sitini na mitatu nimekuwa mtu wa Wales, leo karatasi ya Kanada inanifuta! Ardith, mke wangu wa miezi saba, amenisihi nijaze kama ilivyo, tumalize. Nimemwitikia vizuri. Alipokwenda kazini kwake maktabani, nikakata orodha yote na kuandika WALES kwa kalamu nene. Nimeambatisha ramani.

Jirani yetu Murdo, Mskoti, alijaza walivyotaka. Kadi akapata upesi. Hana haya.

Jumanne, 18 Machi
Balaa! Maombi yamesimamishwa. Eti pasipoti yasema raia wa Uingereza, fomu yasema Wales: mwombaji ni mmoja au wawili? Tumeitwa ofisi ya uhamiaji mjini Regina, kila mmoja ahojiwe peke yake. Wakiona ndoa ni ya kughushi, narudishwa kwetu. Ardith hakufoka. Alikunja taulo moja mara nne. Afadhali angefoka.

Jumatano, 2 Aprili
Regina. Nimebeba ushahidi: bendera yetu yenye joka, na mkate wa zabibu kavu kama wa mama. Mkate umezuiwa mlangoni. Eti hongo! Ofisa, binti mpole, alinitafutia New South Wales kwenye kompyuta. Nikamwambia hiyo ni Australia. Akasema, "Basi mzee, wewe ni Mwingereza." Nikasimama. Nikaeleza historia ya Wales dakika arobaini. Nilipofika karne ya kumi na tatu, akaniomba nikangoje nje.

Akaingia Ardith. Mlango haukufungwa sawasawa, nikasikia. Akaulizwa mumewe katoka wapi. Hakutaja nchi. Alisema ametoka mji mdogo wa Bala, nyumba ya mwisho kabla ya ziwa, mlango wa kijani. Mama yake aliitwa Gwenllian. Alimwimbia wimbo kwa lugha yao. "Bado anauimba usingizini," akasema. "Sielewi hata neno. Lakini huwa simwamshi."

Kisha mhuri: pu!

Garini nilishindwa kutia ufunguo. Machozi, bila shaka ya vumbi. Ardith akanishika mkono, akasema tungoje kidogo, barabara ina barafu. Barabara ilikuwa kavu kabisa.

Jumamosi, 26 Aprili
Kadi imekuja! Murdo alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Si mtu mbaya, ingawa ni Mskoti. Ardith anataka twende Bala kiangazi hiki, akauone ule mlango. Fomu yake ya kuomba kibali cha safari iko mezani, ameshaijaza kwa mwandiko wake mzuri. Nchi anayokwenda: Ufalme wa Muungano. Maskini, kapitiwa! Yuko dukani sasa hivi. Nimemrekebishia kwa kalamu nene, nikaifunga bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe. Sitamwambia. Acha afurahi akifika uwanja wa ndege.