Magemu ya Taufiq Butt Yahamia Gulberg

Siku duka moja la magemu la mtandaoni lilipoondoa gemu lake la kriketi, na waliolinunua wakabaki wakitumbulia macho skrini tupu, mtaa mzima wa maduka ya kompyuta wa Hall Road ulinuna. Taufiq Butt peke yake ndiye aliyeagiza chai ya pili.

Kufikia Ijumaa alikuwa na meza, shati lililopigwa pasi na hotuba. Mlichonunua si gemu, aliwaambia wapita njia, ni ruhusa ya kulichezea. Mwenye duka akiamka vibaya, mmekwisha. Mpeni Taufiq akaunti na nywila, naye atayahamishia magemu yote kwenye diski, yawe mali yenu hata intaneti ikifa. Cha ajabu, maneno kuhusu duka yalikuwa kweli tupu. Uongo ulikuwa Taufiq. Diski aliwapa, zimezungushiwa utepe, pamoja na onyo kwamba zisifunguliwe kwa wiki nzima, magemu yapoe. Kabla hayajapoa, akaunti zote zilikuwa zimeshaunganishwa na barua pepe yake, zikisubiri wanunuzi.

Ndipo Apa Farhat akamtumia dereva. Apa, yaani dada mkubwa, kama wote walivyomwita, alikuwa mwenye ukumbi wa harusi kule Gulberg kwa matajiri, mama wa bangili nzito, na akaunti yake ilisemekana imejaa magemu ya zamani yasiyouzwa tena popote. Taufiq alijiona ameshafika.

Apa alimkaribisha kwa heshima zote, kisha akasita.

"Mwanangu, mimi mwoga. Anza na yako nione, halafu nikupe yangu na za dada zangu wanne."

Dada wanne! Taufiq, aliyeishi kwa nywila za watu, akaandika ya kwake, ileile ya barua pepe yake, kwenye kompyuta ya mtu bila kupepesa macho. Akabofya hapa na pale, akakunja uso kama daktari wa upasuaji, akatangaza kazi imekwisha. Apa akamsifu, akamwambia halwa na mikate ya kukaanga ya puri inapoa chumba cha pili. Taufiq alikula mpaka mkanda ukalalamika. Alipotoka alikabidhiwa nywila zote tano, akapanda riksho akiimba.

Nyumbani, barua pepe yake ilimkataa. Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayebembeleza. Ikamkataa. Nywila za Apa zilifungua akaunti tano, kila moja ina ludo ya bure. Taufiq alijitukana kwa Kipunjabi safi, akacheka, akajitukana tena. Amepigwa changa la macho na mama mwenye bangili, tena kwa puri!

Kesho yake alirudi Gulberg mdogo kama pipi. Kompyuta ya Apa ilikuwa imeihifadhi nywila ya Taufiq, na mpwa wake Apa alikuwa mmoja wa waliolizwa. Akaunti zilikuwa zimeshawarudia wenyewe, nao walikuwa barazani wakinywa chai, wakimsubiri. Apa alimweleza kwamba anaweza kutoka kwa mlango wa barazani, au amfanyie kazi yeye. Yeye mwenyewe kwa miaka alikuwa akinunua kwenye maduka yanayokupa faili la gemu lisilo na kufuli, akiliweka kwenye diski zake, asimwombe mtu ruhusa tena. Alitaka wengine wafundishwe hivyo, kwa ada ndogo.

"Ulimi unao," akamwambia. "Jaribu kuutumia kusema kweli."

Taufiq hakuutazama mlango wa barazani mara mbili. Akarudi Hall Road na meza yake. Mteja wa kwanza alikuwa muuza vitambaa mwenye masharubu. Taufiq alimweleza yote, pole pole, bila chumvi, hata akajishangaa jinsi alivyokuwa mtu mwema.

Mwenye masharubu alimkazia macho.

"Yaani nalipa, linakuwa langu kabisa, na nywila yangu huitaki?"

"Siitaki, bhai."

"Na duka likifungwa?"

"Bado lako."

Yule bwana akatikisa kichwa. "Matapeli wa siku hizi hamna hata aibu," akasema, akaenda kumwita mlinzi.

Mlinzi alipofika, Taufiq alikuwa ameshaikunja meza na yuko mbio. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakimbia bila kosa, na alishangaa kuona kwamba pumzi inakatika vilevile.