Jumamosi Tatu na Mguu Mmoja

Jumanne, 30 Juni 2026

Siku imeharibika kabla ya chai. Noela, binti yangu wa pekee, anafunga ndoa tarehe 22 Agosti. Ofisi ya parokia inataka barua ya jumuiya, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki tunaosali pamoja, ndipo ndoa itangazwe kanisani. Barua huandikwa na mwenyekiti wetu, Bi. Sesilia, fundi cherehani hapa Tabata Kimanga. Noela ametoka kwake mikono mitupu. Yeye hana tatizo, kila Jumamosi yuko jumuiya. Mama yake vilevile. Tatizo eti ni mimi. Kanuni inasema baba wa nyumba ahudhurie Jumamosi tatu mfululizo, na ya mwisho wanajumuiya wasali nyumbani kwake.

Ni kweli sijaonekana kule miaka miwili. Nina sababu. Nilipogombea ukatibu dhidi ya Augustine, ambaye ndiye katibu hadi leo, nilipata kura mbili. Nyumbani tuko watatu. Nimeuliza mara nyingi, hakuna anayekumbuka.

Noela aliniambia kwa upole kwamba hajawahi kuniomba kitu kikubwa. Iliniuma. Nikaahidi: tarehe 4, 11 na 18 Julai. Barua ifike ofisini Jumatatu tarehe 20. Siku zinatosha. Ubaya ni kwamba jumuiya inaanza saa kumi na mbili asubuhi, wakati usingizi ndio kwanza umekolea.

Jumamosi, 4 Julai

Jirani yangu Ismail alikubali kunigongea dirisha akitoka kuswali alfajiri. Aligonga. Nikaitikia, nikamshukuru, nikalala tena. Huo ndio ulikuwa mpango wenyewe: nifike mwishoni, nisaini daftari la mahudhurio, nirudi kitandani.

Nilifika wakiwa kwenye sala ya kufunga. Nikasogelea daftari. Kumbe Augustine ana mtindo wake. Injili ikianza kusomwa, anapiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho. Jina langu likakaa chini ya mstari, peke yake. Augustine aliwaonyesha watu wote. Alisema hana nia mbaya, anatunza kumbukumbu tu.

Bi. Sesilia aliamua nihesabiwe, ila Jumamosi ijayo nije mapema na niwe wa kwanza kushirikisha Neno. Yaani Injili ya Jumapili ikishasomwa, mimi ndiye nifungue kinywa. Augustine alitabasamu. Anadhani sina la kusema.

Alhamisi, 9 Julai

Ninalo. Nimepata kitabu cha masomo ya Jumapili chini ya mto wa kochi. Jumapili ya 15 ya Mwaka: Msamaria Mwema. Ningeambiwa nichague mwenyewe ningechagua hiyohiyo.

Mama Noela alichungulia akasema kitabu ni cha mwaka jana. Eti masomo hubadilika kila mwaka na kurudi baada ya miaka mitatu. Nilimjibu kwamba Neno la Mungu si maziwa, haliharibiki. Akarudi kwenye mboga zake.

Kusema tu hakutoshi, Augustine naye anajua kusema. Mimi nitaonyesha. Nitaingia nikichechemea, mguu wa kushoto umefungwa bandeji yenye damu. Watu wakishangaa, nitasimama na kutamka: mimi ndiye niliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, nani kati yenu jirani yangu? Damu ni nyanya ya kopo. Nimemfanyia Ismail majaribio uani. Alisema inagusa, kisha akauliza kama yule mwenye nyumba ya wageni kwenye mfano alilipwa zile pesa alizoahidiwa.

Jumamosi, 11 Julai

Niliwahi. Jina langu ni la tatu, juu kabisa ya mstari. Niliingia nikichechemea. Akina mama wakanipisha kiti chenye mto. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Augustine alipofungua Biblia akasoma kwamba mpanzi alitoka kwenda kupanda mbegu.

Nilisubiri wanyang'anyi. Hawakuja. Zilikuja mbegu, ndege, miiba na udongo mzuri, Injili ikaisha. Wamebadilisha bila kutangaza!

Bi. Sesilia, badala ya kuniambia nishirikishe, aliniuliza mguu umefanya nini. Watu kumi na wanane walikuwa wananitazama kwa huruma. Sikuona pa kumwingiza Msamaria. Nikasema nimegongwa na bodaboda pale Relini. Wakasema pole kwa pamoja. Nikasamehewa kushirikisha. Kwenye maombi Augustine aliomba Mungu atuponye maradhi ya miguu na ya ulimi. Ulimi sikuelewa umeingiaje.

Nyumbani Noela alifunga mlango wa chumba chake. Mama yake alisema hatanisema kwa mtu, lakini akiulizwa hatadanganya.

Jumatatu, 13 Julai

Nilisahau kwamba jumuiya hutembelea wagonjwa. Saa nne asubuhi wamekuja akina mama watano na Bi. Sesilia mbele, na unga, sukari na ndizi za kupika. Nimeruka kitandani na viatu. Wamesali rozari nzima, wameosha vyombo, wamefagia mpaka nyuma ya banda la kuku. Hakuna aliyemuuliza Mama Noela chochote. Ndizi tumezila mchana, nyingi kala yeye.

Kitu kimoja kimenipendeza. Bi. Sesilia amesema Jumamosi nisihangaike, watasali pembeni ya kitanda changu. Basi mahudhurio ya tatu nitayapata nikiwa nimelala. Hata ningepanga nisingepanga hivyo.

Jumanne, 14 Julai

Augustine kaja peke yake. Kaleta fimbo ya kutembelea ya marehemu baba yake. Kisha akaagiza maji ya moto na chumvi, akasema yeye anajua kukanda. Nilikataa kiungwana. Hakusikia. Amenikanda mguu wa kushoto nusu saa kama mtu anayekanda unga wa maandazi ya harusi. Nilitoa machozi. Alisema machozi ni dalili nzuri.

Sasa mguu unauma kweli. Naitumia fimbo.

Alhamisi, 16 Julai

Leo sikulala vizuri mchana na sina hamu ya kula. Niandike ilivyokuwa.

Saa kumi jioni nilisikia hodi ya Bi. Sesilia. Nikafunga bandeji harakaharaka na kujitupa kitandani. Nyuma yake akaingia Padre Cyprian, amevaa stola shingoni, ana kichupa cha mafuta matakatifu. Bi. Sesilia alikuwa amempigia simu kumweleza kwamba baba wa bibi harusi anadhoofika. Padre amekuja kunipa Mpako wa Wagonjwa. Augustine alikuwa mlangoni na mshumaa. Aliutazama mguu wangu kwa muda mrefu. Ndipo nikaona nimefunga wa kulia.

Padre aliomba watu watupishe, akauliza kama ningependa kuungama kwanza. Noela alikuwa wa mwisho kutoka. Alinitazama mara moja tu, na macho yake yalikuwa mekundu. Mimi ni mtu wa mipango lakini mafuta yale sikuweza kuyapokea. Nilisema yote, kuanzia nyanya ya kopo.

Padre aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Kitubio alichonipa ni kigumu: Jumamosi niwaambie wanajumuiya mwenyewe, kwa mdomo wangu, kisha nihudhurie kila Jumamosi hadi ndoa. Mafuta akarudi nayo.

Jumamosi, 18 Julai

Wamejaa sebuleni, wengine wamekaa barazani. Injili ilikuwa ya ngano na magugu. Safari hii sikuwa nimejiandaa na chochote. Nilisimama kwa miguu yangu miwili nikawaambia kwamba gugu la shamba hili ni mimi. Nikaeleza. Nilipofika kwenye bodaboda nilikiri kwamba haikuwapo. Nilimwomba Noela msamaha mbele ya watu. Niliona haya kuliko siku ile ya kura mbili.

Mama mmoja aliyekuwa amefagia nyuma ya banda la kuku akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Bi. Sesilia alisema kanuni inataka Jumamosi tatu, haisemi lolote kuhusu miguu. Akachukua kalamu, akaandika barua pale pale mezani, akagonga mhuri. Noela aliishika kwa mikono miwili. Alinikumbatia, akasema, “Baba, tafadhali usifanye tena.”

Wakati wa chai Augustine aliniambia alijua tangu Jumamosi ile, maana kidonda kilinukia mchuzi. Nikamuuliza kwa nini basi alikuja kunikanda. Akasema ndiyo sababu alinikanda vile.

Nimekubali nimekosa. Nimebadilika kabisa. Nimemrudishia fimbo yake.

Ijumaa, 24 Julai

Barua imepokelewa ofisini. Jumapili hii ndoa inatangazwa kwa mara ya kwanza. Noela ananisalimia tena kwa furaha, asubuhi na jioni.

Kesho jumuiya iko kwa Augustine. Bi. Sesilia kanikumbusha kwamba bado nina deni la kushirikisha Neno, na kesho ni mimi. Vizuri. Nimekaa nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Lilikuwa bandeji. Mtu akijifunga bandeji watu wanamwonea huruma, hawamsikilizi.

Kwa hiyo kesho hakuna bandeji. Nimekifuta vumbi kile kitabu na kutazama Jumapili ya 17 ya Mwaka. Ni yule mtu anayemgongea rafiki yake usiku akitaka mikate mitatu. Ismail amekubali kusaidia. Injili ikishasomwa tu, atagonga dirisha la Augustine kwa nguvu zote na kudai mikate, nami nitainuka nayo kifuani. Mama Noela alifungua kinywa aseme kitu kuhusu kitabu, akaghairi.

Mikate nimeshainunua. Iko juu ya kabati, yote mitatu.