Malalamiko ya Wazee Kumi na Wawili Waliowakilishwa na Wake Zao Kwenye Semina ya Tezi Dume

Kwako Daktari Flavia, mtani wetu kutoka milima ya Uluguru.

Barua hii isomwe mbele ya Baba Paroko, mwenye ukumbi. Mheshimiwa Diwani, aliyetuahidi feni za ukumbi. Mwenyekiti wa mtaa. Wazee wenzangu kumi na mmoja, kila mmoja kwa umri wake. Na mwisho akina mama, ambao itifaki inawaweka nyuma ingawa ndio waliokalia viti vya mbele.

Mimi Raymundi, mwalimu mstaafu na katibu wa wazee wa Meza ya Jumamosi, wala mbuzi choma wa hapa mtaa wa Kanyenye, nimeagizwa na wenzangu kuandika malalamiko haya na kuyasoma mwenyewe. Nitayasoma kwa heshima, Daktari, ingawa wewe ni mtu wa kwenye miteremko, uliyezoea kutembea mguu mmoja juu na mwingine chini.

Mwezi wa tatu ulitualika, wazee kumi na wawili, kwenye semina ya tezi dume. Barua yako haikutaja posho. Kwa desturi yetu, mkutano usio na posho mzee huwakilishwa. Basi kila mmoja wetu, bila kumshauri mwenzake, alimtuma mkewe. Nawe, badala ya kuahirisha, ukafundisha siku nzima habari za kiungo ambacho ukumbini hakuna hata mmoja aliyekuwa nacho. Wakasaini majina yetu. Ukawapa vyeti vyenye majina yetu. Changu kimetundikwa sebuleni, kinasema nimehitimu, lakini anayejua nilichohitimu ni mke wangu Adelina. Kutokana na hayo, tunalalamika kama ifuatavyo.

1. Kwamba ulipouliza ni nani huamka usiku kwenda haja ndogo, mikono ilinyooshwa kwa niaba yetu. Apolinaria, mke wa mzee mwenzetu Deus, alisimama akasema, "Wangu mara nne, na akifika huko anasimama kama anayesubiri treni ya Kigoma." Ukumbi ulicheka. Ukawaeleza kwamba mara nyingi hiyo ni tezi iliyotanuka kwa umri, wala si saratani. Tena saratani changa yaweza kukaa kimya kabisa, na ndiyo maana watu hupimwa. Apolinaria hakucheka. Kesho yake alimpeleka Deus hospitali, na baada ya vipimo vyote ikaonekana: ni saratani, ndogo, ya mwendo wa pole. Hakukatwa, hakuchomwa kwa mionzi, inachungwa tu, na damu yake hupimwa kila baada ya miezi sita. Tunakiri kwamba Jumamosi ile hakuna aliyeagiza mbuzi. Juu ya hilo bado hatujaamua tumlalamikie nani.

2. Kwamba ulitumia utani kufundishia sayansi. Tumesoma daftari la Adelina. Uliwaambia: "Waume zenu ni wajukuu wa wapagazi, na seli zao hivyo hivyo." Ukadai kwamba kwenye utando wa seli kuna wapokezi, homoni ikifika inabisha hodi, mpokezi anampa ujumbe mpagazi wa kwanza, naye anamtwika wa pili, hadi kwenye kiini, ambako ngoma hupigwa: gawanyikeni! Seli yenye adabu husikia ngoma ya safari na pia ya kutua mizigo. Ya saratani husikia ya safari tu. Na tumbo kubwa, ukasema, pamoja na sukari na mafuta mengi, huongeza insulini na jamaa zake, nao hubisha hodi hata pasipo na mgeni. Chakula hakitibu ugonjwa, uliandikisha kwa herufi kubwa, na mengine wataalamu bado wanayachunguza. Ila mlo mzuri waweza kuwapunguzia wapagazi hao chakula cha njiani. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, wakapita chini ya milima yenu, wakawachekeni. Hatukujua kwamba mngelipiza kisasi kupitia kwenye kibofu.

3. Kwamba tangu hapo jikoni kumepinduliwa. Mboga ya mlenda Jumatatu. Maharage Jumanne. Nyanya zinapikwa kwa mafuta kidogo, eti hivyo mwili huzipokea vizuri zaidi. Nimedai asali ya Sikonge, ambayo ni haki ya kila mzaliwa wa Unyamwezi. Nimepewa kijiko kimoja, tena cha chai.

4. Kwamba Masolwa, mchoma nyama wetu, anayetuletea mbuzi kutoka Ziba, sasa hulazimishwa na wake zetu kukwangua sehemu zilizoungua kabla ya kutuandalia. Mbaya zaidi, Deus ndiye aliyekuwa mkataji wetu. Kwa miaka kumi na tisa aligawa nyama bila ugomvi, na mafuta ya figo alibaki nayo yeye. Siku hizi anakuja na kibakuli chake cha kunde, anakaa, anatutazama. Watu kumi na mmoja hatujui kukata. Mbuzi anatoka vipande ishirini na tatu na lawama.

5. Kwamba, kwa kuwa ujumbe hupita kutoka mlangoni hadi kwenye kiini, wake zetu wameunda mfumo kama huo mtaani. Ijumaa nilimega kipande kimoja tu kwa Masolwa. Advera, mmoja wa wake hao, aliniona akiwa dukani, akampa ujumbe Julieth, Julieth akampa Apolinaria. Nilipofika nyumbani Adelina alikuwa ameshabandika mlenda. Sikuwa hata nimefuta mdomo.

Hivyo tunadai: vyeti vyote vifutwe, Deus arudishiwe kisu na mafuta ya figo, na kuanzia leo ujumbe wowote kwa seli ya mwanachama upitie kwa katibu, kwa maandishi, na seli yoyote isigawanyike bila kibali cha kikao.

Wasalimie wazazi wako huko Uluguru, wadogo zako, wauguzi wote wa zamu, na yule kijana wa maabara ambaye Deus anasema ana mkono mwepesi. Wasalimie hata wale wasiotupenda.

Wako katika utani na njaa,
Raymundi, Katibu.

Baada ya sahihi: Leo asubuhi, wino ukiwa haujakauka, Deus aliingia kwangu kwa mlango wa uani na karatasi yake ya miezi sita. Namba ya kipimo cha damu haijapanda. Umemwambia, Daktari, kwamba huenda ni mlenda, huenda seli zenyewe ni za kivivu tu, na kwamba ataendelea kupimwa. Aliiweka karatasi juu ya malalamiko haya, akakaa, akaniuliza, "Na wewe, Katibu?" Nikamjibu kwamba mimi ninacho cheti. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akaendelea kuningoja.

Nakiri basi mbele ya Baba Paroko: ninayeamka mara tano ni mimi. Adelina, kwa kunistahi, alitaja mbili.

Kwa mamlaka ya ukatibu natangaza uamuzi. Malalamiko yote matano yamefutwa. Jumamosi saa mbili asubuhi, sisi kumi na mmoja ambao hatujapimwa tutafika kwa Daktari kwa miguu yetu wenyewe, jina langu likiwa la kwanza. Deus atatutangulia. Akina mama watakaa mlangoni na daftari. Damu haina mwakilishi.

Mzee asiyekubali asimame sasa. Mkewe yuko kiti cha mbele.